Mkutano Ulioitishwa Mosi Akiwa Eda

Editha, acha hayo mapishi usome. Dada Radhia ametoka kikaoni sasa hivi, hata viatu hajavua kwa hasira.

Si unakijua kile kiwanda cha alizeti cha marehemu Abdulrazaki, ambako dada ni katibu wa kampuni? Mjane wake, Mosi, ana hisa zake mwenyewe tangu kinaanzishwa. Leo shemeji yake, Mzee Kitwana, kawakusanya wanahisa wapige kura ya kukiuza.

Na Mosi yuko eda. Eda, Editha.

Dada akasema kazi yake ni kuhakikisha kila mwanahisa amepewa taarifa na nafasi ya kushiriki. Mzee akamjibu, "Andika aliitwa, kwa hiari yake hakuja."

Kwa hiari yake. Na ni yeye huyohuyo aliyemfokea Mosi mbele ya watu kwa kuchungulia barazani tu, eti mwenye eda hatoki.

Dada akagoma kuandika. Mzee akasema, "Binti, sisi ndio tunaokulipa."

"Heshima yako naijua, baba, ila mimi ni katibu wa kampuni, siyo wa ukoo."

Akachukua mhuri wa kampuni, akawaambia wakitaka mkutano wakaufanyie kwa Mosi, Mosi mwenyewe akae nyuma ya pazia.

Mzee kang'aka, "Mwenye eda atapigaje kura mbele ya wanaume?"

"Kura ni mkono, baba. Mtauona ukitokea kwenye pazia."