Jani Langu na Sukuma Wiki

Alhamisi, Machi 1996

Eti jani la nini! Mtu mzima, mkuu wa idara, ananiuliza mbele ya kamati ya vyeo kwa nini nahangaika kutengeneza jani la maabara, litoe hidrojeni kwa jua na maji, na Kenya imejaa majani ya mboga, sukuma wiki. Wakacheka wote. Cheo nimenyimwa.

Jioni mtu huyohuyo akanifuata maabara, mpole kama kondoo. "Daktari, nipe ile michoro ya jani lako. Naenda kuiwasilisha Ulaya."

Kuiwasilisha! Hajui hata chupa ipi ina nini.

"Na uniandikie majibu, wakiuliza maswali."

Nimerudi nyumbani Makongeni nikamwandikia. Kazi sijui kama itabaki. Maswali yote nimeyapa jibu moja: "Kwetu tuna sukuma wiki."