Password Niliyomsomea Mama Brayo

Elburgon, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, matope yamefika mlangoni, na mimi nina furaha. Furaha mbaya.

Wacha nianze na jana. Binti yangu Chela alikuwa na mtihani wa chuo, ule wa kufanyia nyumbani kwa kompyuta. Akiukosa, anarudia mwaka. Siku zote tulitumia wifi ya jirani, Mama Brayo, na mimi namfulia mapazia na blanketi. Hivyo ndivyo tulikuwa tumekubaliana.

Asubuhi hiyo password ilikuwa imebadilishwa. Nikaenda kubisha. Hakufungua hata mlango. Alipaza sauti akiwa ndani, majirani wa plot yote wakisikia: "Nimechoka na ombaomba!"

Nikarudi nyumbani nikilia.

Chela akaniambia, "Mum, wacha kulia, leta simu yako." Tukaingia settings, tukawasha hotspot. Akauliza tuweke password gani. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Network yangu hushika dirishani tu, kwa hivyo nikatundika simu kwa msumari ndani ya kikapu, nikasimama hapo kama askari. Katikati ya mtihani dada yangu wa Molo akapiga. Mkono ukashika kabla ya akili. Internet ikapotea.

"Mum! Kata!"

Nikamkatia dada yangu akiwa bado anasalimia. Ikarudi. Chela akamaliza. Mimi nikaenda kwa choo nikalia vizuri.

Leo stima imepotea na mvua. Wifi ya Mama Brayo imelala, na ana mkutano wa kazi kwa laptop. Laini yake haishiki kabisa hapa kwetu. Akaja na mwavuli, sauti ya asali: "Mama Chela, my dear, si uniwashie hotspot?"

"Karibu, dada. Andika nikikusomea. Herufi ndogo, usiache nafasi."

Nikasoma polepole. N, i, m, e. Kufika "nimechokana" alikuwa bado anatabasamu. Kufika "omba", kidole kikasimama.

"Endelea," nikamwambia. "Kuna omba nyingine."

Akaiandika.

Nikampa chai pia, maana baridi ilikuwa kali na mimi si mnyama. Hakuniangalia machoni.

Najua natakiwa kusamehe. Kesho stima ikirudi nitapiga magoti niombe. Leo wacha nikae na hii raha yangu kidogo.