Mkia Bafuni

Mwenzangu, usicheke. Nimejifungia bafuni kwenye bwawa la kuogelea. Miguu yangu imeungana ikawa mkia. Mkia! Wenye magamba!

Nimempigia shangazi. Badala ya kushtuka, amepiga vigelegele: “Hongera, mwanangu, umekua! Hata mama yako alianza hivyo.” Mama yangu huyu anayedai maji ya chumvi yanamwasha!

Shangazi anasema miguu itarudi iwapo tu mtu asiye wa ukoo wetu atanikausha bila kuniogopa. Magamba yakifika kiunoni, nitaishi baharini daima. Yameshapita magoti.

Mwalimu wa kuogelea anagonga mlango: “Binti, unaoga au umehamia humo?”

Sina mwingine wa kumwita. Chukua taulo, uje.

Naona umesoma ujumbe wangu.

Kama unaniogopa, sema tu.