Kwa Lindsay Trethowan, Aliyejua Kutazama Masikio

Mwaka umezunguka ukafika palepale, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, na sisi wa nyumbani bado hatujajua namna ya kukaa kitako. Mama akiketi, huinuka. Akiinuka, huenda dirishani kuchungulia barabara ya Boorala, kisha hurudi kuuliza kama kuna aliyemwona Baba Mdogo Mervyn leo, na kama alikuwa amevaa kofia. Tunakuandikia ili ujue sababu, na ili majirani watakaosoma wasidhani kwamba kinachomhangaisha ni majonzi peke yake.

Tuanze na macho yako, kwa kuwa ndiyo yaliyokupa jina. Kondoo elfu tatu walipopitishwa katika kichochoro cha mbao nyuma ya banda la kunyolea, mmoja baada ya mwingine, wewe ulisimama mwisho wake umeshika kigeti cha kuchambulia, ukawatenga kwa mkono mmoja: huyu kushoto arudi malishoni, huyu kulia aende machinjioni. Hukuanza na sufu. Ulianza na masikio. Kondoo mwenye masikio meupe yasiyo na manyoya huchomwa na jua msimu baada ya msimu hata sikio lifanye kigaga, na kigaga hicho kikigeuka saratani, kondoo hamalizi mwaka. Wewe ulikiona kingali kidogo kama punje ya ngano. "Kulia," ulisema, na kigeti kikagonga. Hukuwahi kuwapigia kondoo kelele. Mbwa, ndiyo. Mdogo wako Mervyn, kila siku.

Ulikuwa mtu wa utaratibu na mtu wa huruma, ila huruma yako uliificha kama wengine wanavyoficha deni. Jirani yetu Bi Ottilie Krahe alipovunjika nyonga, ulimnyolea kondoo wake wote mia nne, kisha ukamwambia kwamba ulikuwa unapita tu, na hali nyumba yake iko kilometa kumi na tano nje ya njia. Chai yako ilikuwa saa nne kamili, katika kikombe cha bati kilichobonyea, ambacho hukukubali kibadilishwe. Kipo. Hakuna anayekinywea.

Na ulikuwa na kofia mbili. Ile ya pama, yenye ukingo mpana pande zote, ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ikingoja mazishi na mnada wa kondoo. Ya kila siku ilikuwa kapelo ya bure kutoka kwa wauza mbegu, yenye ukingo wa mbele tu. Kwa miaka arobaini ulilikinga paji la uso na kuyaacha masikio juani.

"Pama kazini?" ulimwambia Mama. "Si nifunge na tai kabisa? Kondoo watadhani nimekuja kuposa."

Losheni ya kukinga jua nayo ulisema ni ya watu wa ufukweni, wale wanaojianika kwa kupenda. Mtu anayefanya kazi, uliamini, jua humstahi. Haikuwa imani yako peke yako. Wazee wote wa Boorala waliishi nayo, na wengi wanaishi nayo hata leo.

Mama ndiye aliyekuwa akikukata nywele, kila baada ya wiki sita, jikoni, taulo mabegani. Ndiye aliyeliona doa nyuma ya sikio la kulia, upande wa dirisha la pikapu. Lilikuwa jeusi, na kingo zake hazikulingana, kama wino uliodondokea karatasi nyepesi.

"Lindsay, hiki nini hapa?"

"Wapi?"

"Nyuma ya sikio."

"Nitaonaje nyuma ya sikio langu, Noreen? Mimi bundi?"

"Ndiyo maana nakuonea mimi. Nenda kwa daktari."

"Tukimaliza kunyoa."

Mkamaliza kunyoa, ukaja uvunaji. Uvunaji ukaisha, maji yakapungua mabwawani. Mvua ikanyesha, ikawa kupanda. Kila baada ya wiki sita Mama aliuliza, na kila alipouliza kulikuwa na kazi iliyotangulia. Mara ya tisa hakuuliza. Aliweka mkasi mezani, akachukua ufunguo wa pikapu, akakuendesha mjini ukiwa umekatwa nywele upande mmoja tu.

Daktari Nirmala Perera alilitazama doa kwa kioo chake chenye taa, akaizima taa.

"Sema tu, daktari," ulimwambia. "Kazi hiyo naifanya mwenyewe. Ni kulia au kushoto?"

Ilikuwa kulia. Saratani ilikwisha kushuka kwenye tezi za shingo, na kabla ya majira ya joto ikawa mapafuni. Siku ile, njiani kurudi, Mama aliendesha hadi darajani. Hapo ndipo uliposema, "Ningekuwa kondoo, Noreen, ningejitenga mwaka jana." Mama hakucheka, nawe hukutaka acheke.

Wiki ya mwisho hukutuusia habari za shamba. Hizo zilikwisha kupangwa, kama kila kitu chako. Ulimshika Mama mkono ukasema, "Mervyn. Mtazame sikio."

"Ana nini?"

"Kigaga. Sikio la kulia, juu. Nakiona tangu Krismasi."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Angeniuliza mbona mimi nilikaa mwaka mzima."

Huo ndio mzigo uliomwachia mkeo, na ndio uliomnyima utulivu.

Kwa maana Baba Mdogo unamjua. Ana miaka sitini na minane, hana mke, anaishi peke yake ng'ambo ya kijito, na hakuna fundi wa kukwepa kama yeye. Baada ya mazishi alifuga nywele hata zikafunika masikio. Mama alipokwenda kwake na mkate, yeye alikuwa juu ya paa. Alipokwenda na mkasi, alikuwa amelala chini ya trekta, miguu tu ikionekana. Siku moja alimbana kwenye tangi la maji.

"Shemeji, hebu vua hiyo kapelo."

"Mchana kweupe? Na wewe mjane? Watu watasema nini?"

"Watasema namtazama shemeji yangu sikio."

"Ni waya, ulinikwaruza."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Kidonda cha waya hakikai siku nyingi, Mervyn. Hata mbwa anajua."

"Basi mwite mbwa anitibu."

Mama akarudi nyumbani akitembea upesi kama mtu anayefukuzwa. Tangu hapo macho yake hayakuwa na kituo. Aliwatazama wanaume visogo katika duka la mbegu, aliwatazama posta, aliwatazama kanisani wakati wa wimbo. Jumapili moja Mzee Aubrey Oldacre aligeuka katikati ya sala akakuta kidole cha Mama karibu na shingo yake.

"Kuna nini, Noreen? Nzi?"

"Afadhali angekuwa nzi," Mama akajibu, na mchungaji akalazimika kungoja.

Septemba ikaja, na kunyoa kukaja nayo. Wajua desturi yetu: siku ya mwisho ya kunyoa wazee wote wa jirani hufika bandani, wenye kazi na wasio na kazi, kula nyama ya kondoo ya kuchoma na kuikosoa sufu ya mwenzao. Hao hawaendi kliniki mpaka wabebwe, lakini hakuna anayekosa siku hiyo. Mama akaenda kwa Daktari Perera akamwomba aje bandani.

"Bi Noreen, mimi nina chumba chenye taa nzuri."

"Nao wana miguu mizuri, daktari, lakini haiji huko."

Daktari akaja, na kioo chake na taa yake. Nyama ilikuwa imewekwa malishoni, nje kabisa, na njia ya kuifikia ilikuwa moja tu: kichochoro chako. Wazee waliona, wakaelewa, wakaanza kunung'unika.

"Nani kapanga upuuzi huu?" Mzee Aubrey akauliza.

"Lindsay," Mama akasema.

Wakavua kofia na mashati, wakaingia kwa foleni, migongo yao myeupe kama maziwa na shingo zao nyekundu kama udongo wa boma. Ungecheka, Baba.

"Aubrey, hiyo sufu ya mgongoni ni daraja la ngapi?" mmoja akauliza.

"La kwanza. Ina vumbi tu."

Daktari alimkagua kila mmoja kwenye taa: nyuma ya masikio, utosini, shingoni, mikononi. Asiye na neno alipita kushoto, kwenye nyama. Mwenye doa la kutilia shaka alipita kulia, binti yako Philippa akamwandikia siku ya kwenda kliniki. Kigeti alikishika Baba Mdogo Mervyn, kwa kuwa tangu uondoke hakuna mwingine anayekiweza. Alikishika amevaa kapelo yake na nywele zake ndefu, akifurahia kabisa aibu ya wenzake.

"Mnanipeleka machinjioni?" Mzee Aubrey aliuliza alipoelekezwa kulia.

"Kliniki, Jumanne," daktari akasema.

"Afadhali machinjioni, hakuna foleni."

Walipita kumi na mmoja. Watatu walikwenda kulia. Baba Mdogo akafunga kigeti, akajipangusa mikono. Mama akaja akasimama mbele yake.

"Bado mmoja."

"Mimi nashika kigeti, shemeji."

"Nakishika mimi."

"Hukiwezi."

"Nimekitazama miaka arobaini na minne kutoka dirisha la jikoni. Pita."

Nje, wazee waliacha kutafuna. Baba Mdogo alitazama mlango wa banda, na mwanao Garth alikuwa amesimama hapo akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mervyn," Mama akasema polepole, "Lindsay alichambua kondoo maisha yake yote. Aliacha wapite wawili tu ambao hawakustahili kupita. Mmoja ni yeye. Jina la wa pili aliniambia kabla hajafa."

"Aliliona?"

"Tangu Krismasi."

Baba Mdogo akalishika lile sikio, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Na asinitukane?" akauliza. "Lindsay? Hakuwahi kukosa nafasi ya kunitukana."

"Aliona haya. Na kunyamaza kule kulimuuma kuliko ugonjwa. Usinitake na mimi ninyamaze."

Akavua kapelo. Akainamisha kichwa, akaingia kichochoroni peke yake. Daktari akaziweka nywele kando, akatazama, akatazama tena, kisha akainua macho kwa Mama.

"Kulia," Mama akasema, na kigeti kikagonga vilevile kilivyokuwa kikigonga mkononi mwako.

Siku kumi na moja za kungoja majibu zilikuwa ndefu kuliko miezi. Baba Mdogo alitengeneza ua ambao haukuharibika. Mama alifua mapazia, akayaanika, akayafua tena. Majibu yakaja: saratani, lakini ya namna nyingine kuliko yako, na haijatia mizizi mbali. Katika hospitali ya mji mkubwa wakamkata kipande cha juu cha sikio, umbo la pembetatu, wakamshona.

Siku bandeji ilipotolewa alikuja moja kwa moja jikoni, akaomba kioo. Akajitazama upande wa kulia, muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akashika meza. Wewe ungeona kabla yetu. Pengo lile, pale pale juu ya sikio la kulia, ndilo alama ya shamba letu, ile ambayo babu aliiandikisha na ambayo wewe na yeye mmewakata wana-kondoo sikioni kila mwaka tangu mkiwa vijana.

"Tazama, shemeji," akasema. "Sasa nikipotea, popote watakaponiokota watajua pa kunirudisha."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Machi. Kisha akainuka, akaitoa pama yako kwenye msumari, akamvisha. Ilimzama hata nyusi, wakaishindilia gazeti kwa ndani.

"Hii si ya mazishi na mnada?" akauliza.

"Ya kila siku," Mama akasema.

Mzee Aubrey naye alikatwa doa lake, anaendelea vizuri, na sasa ndiye anayewasumbua wengine kanisani. Lakini utulivu hatujaupata. Baba Mdogo lazima aonwe na daktari kila miezi mitatu, maana mgonjwa wa namna hii haachiliwi. Kwa hiyo Mama bado huenda dirishani. Akiona pama inavuka kijito, huketi. Kwa dakika chache.

Nanyi wazee wenzake Baba mtakaosoma hapa: kofia iwe na ukingo pande zote, shati liwe na kola na mikono mirefu, na losheni ipakwe masikioni na shingoni kabla ya kutoka, si ufukweni tu. Doa linalobadilika, au kidonda kisichopona, muulizeni yule anayewakata nywele, kisha nendeni kwa daktari. Msiseme mtamaliza kunyoa kwanza. Kunyoa hakuishi.

Unakumbukwa na mkeo Noreen. Wanao Philippa na Garth. Mkwe wako Ilse. Wajukuu wako Corwin na Maeve, ambao hawatoki nje bila kofia. Bi Ottilie Krahe, ambaye hadi leo hajaamini kwamba ulikuwa unapita tu. Na mdogo wako Mervyn, mwenye alama ya shamba.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Baba, na siku zetu zote tutatazama.