Zamu ya Getini

Jumatatu, 3 Februari

Kwako mke wa baba Chiriku,

Habari za hapo nyumbani? Natumaini mmeamka salama. Sisi hatujambo, ila kikohozi cha mtoto hakijaisha. Dawa iko mfuko wa pembeni, kijiko kimoja baada ya kula.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatiana. Barua naiweka kwenye begi lake na nimeifunga kwa gundi, maana siku hizi anajua kusoma, na hatukumwita Chiriku bure.

Nimesikia shule inataka kuanza saa mbili na nusu badala ya saa moja, na kwamba wewe ulisimama kwenye kikao cha wazazi ukaunga mkono. Ulisimama kama nani? Zamu yangu kiwandani inaanza saa moja na nusu. Sasa hivi namfikisha getini, nambusu, nakimbilia cherehani yangu. Wakisogeza muda nani atampeleka? Mchana unamchukua wewe, Jumamosi ni ya baba yake, na ameshaanza kusema bora mtoto alale kwenu siku za shule. Asubuhi ndiyo niliyobakiwa nayo.

La pili. Ijumaa alirudi kasukwa nywele. Sikukuomba. Nimezifumua.

Ni mimi,
Mama yake

Jumatano, 5 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika na gundi yake. Huku wazima. Dawa nimempa, kijiko cha kwanza akakitema kwenye sketi yangu, cha pili kikapita.

Kikaoni nilikwenda kwa kuwa baba yake alikuwa safarini na lori. Sikupanga kusema neno. Lakini mwalimu wa darasa aliuliza nani anahusika na Chiriku, nikanyoosha mkono. Akaniambia mtoto analalia dawati. Tangu Januari kipindi cha kwanza hakisikii, na wenzake wameanza kumcheka. Mwenyewe ameniambia unamwamsha saa kumi na nusu alfajiri na kwamba njiani anatembea macho yamefumba, wewe umemshika mkono.

Baba yake sijamwambia. Nimekwambia wewe.

Nywele aliomba. Nasuka watu sebuleni kutwa nzima, naye anakaa kwenye kigoda na kazi zake za shule, akasema na yeye anataka. Ilinipasa nikuulize kwanza. Nisamehe.

Mdogo wako

Alhamisi, 13 Februari

Kwako mke wa baba Chiriku,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Jana nilitoka kazini mapema, nikampitisha mtoto duka la madaftari lile la mkabala na shule. Muuzaji akaniuliza, "Wewe ni shangazi yake?" Nikamwambia mimi ni mama yake. Akacheka. "Mama yake namjua, yule msusi mwembamba. Hupita hapa kila siku." Chiriku alikuwa amenishika mkono. Aliangalia viatu vyake. Yule mtoto, kukosa la kusema.

Nataka unijibu swali moja tu. Nani alimwambia yule mtu kwamba wewe ni mama yake?

Mama yake

Ijumaa, 14 Februari

Dada,

Shikamoo. Sitakuzungusha.

Hakuambiwa na mtu. Alidhani mwenyewe, akaniita mama Chiriku. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka, sikumsahihisha. Siku ya pili sikuwa na haraka.

Nina miaka minne ya ndoa, na unajua nyumba yetu ilivyo kimya. Yeye akiwa njiani nami anasimulia habari zako tu: mama anashona kola mia kwa siku, mama anapiga mluzi akipika, mama hivi, mama vile. Namsikiliza mpaka tufike. Unafikiri wivu unao peke yako?

Ni kosa, nalijua.

Mdogo wako

Jumanne, 18 Februari

Dada,

Hukunijibu kwa karatasi, ulinijibu kwa vitendo.

Jana saa nane kamili nilikuwa getini. Watoto wakatoka wote, yeye hayupo. Nikaingia madarasani, vyooni, nyuma ya jiko la shule. Mlinzi alikuwa amebadilishana zamu, hajui kitu. Nilikupigia mara kumi na moja. Nilimwacha mteja nyumbani kasukwa upande mmoja, nikazunguka hadi sokoni nikiuliza watu kama wamemwona mtoto wa begi jekundu. Saa kumi na moja nikafika mtaani kwako. Ukafungua mlango, naye yuko mezani anakula. Ukaniuliza, "Umepoteza nini?"

Jana niligeuka nikarudi zangu. Leo nakujibu. Ulitaka niumie, nimeumia. Lakini ungeweza kumwambia mwalimu anijulishe.

Getini sitakwenda tena. Sweta lake hili hapa, nimelifua.

Mdogo wako

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Wateja wako hawajambo? Baba Chiriku amerudi salama? Mimi nina afya, lakini sina amani.

Ile Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikamtoa shuleni kabla ya kengele. Alitoka mbio, akaniona, kisha akatazama nyuma yangu. Kumbe alikuwa anakutafuta wewe. Ilikuwa sekunde moja tu, ila iliniingia. Na jioni nilikusikia mtaani unaita jina lake, tangu kona ya kwanza. Nilimwambia mtoto anyamaze ale. Nilikuacha uite. Hilo sijamwambia mtu.

Wiki mbili hizi nimemchukua mwenyewe. Msimamizi amenionya mara mbili. Alhamisi alinizuia tumalize mzigo, nikafika shuleni saa kumi na moja. Nilimkuta kwenye benchi la mlinzi, amelala, kiatu kimoja kimemtoka. Alipoamka hakulia. Aliniuliza kama wewe umekasirika naye.

Duka la madaftari nimepita. Nimemweleza yule bwana kwamba wewe ni mama yake mdogo na ndiwe unayemchukua.

Juzi wazazi tulipiga kura. Nilinyoosha mkono kwa saa mbili na nusu, na imepita. Kwa hiyo nakuomba hivi. Alale kwangu kama kawaida. Wewe njoo asubuhi, mimi natoka saa kumi na mbili. Mwache alale mpaka saa moja kasorobo, chai itakuwa kwenye chupa. Mpeleke, na mchana umchukue. Baba yake nimemwandikia na amekubali, lakini jibu ninalolingoja ni lako. Kama hutaki, nitaelewa.

Usidhani nimepona. Bado nakuonea wivu, pengine kuliko mwanzo. Huyu mtoto huanza kutabasamu kabla hajafumbua macho. Miaka saba nimeliona hilo peke yangu, kila siku, taa ya jikoni ikimpiga usoni. Sasa utaliona wewe.

Ukiliona, usinisimulie.

Mama yake