Mchezo wa Uvira Usionunulika Uvira

Mpendwa yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Asubuhi hii duka la michezo la mtandaoni limekuandikia. Barua pepe zako bado nazifungua mimi, mdogo wako, maana mama hataki kusikia habari ya kuifunga anwani yako. Walikuwa wanakupongeza: mchezo wako wa simu umeingizwa kwenye punguzo la nchi ambazo watu wake hawana uwezo mkubwa. Nikazipitia nchi hizo polepole, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Yetu haimo. Nikarudia. Haimo.

Nimekasirika, yaya, na hapa nyumbani hakuna wa kumweleza akaelewa kama wewe.

Unakumbuka ulivyouanza? Drepano, ule ugonjwa wako wa damu, ulikuwa umekulaza tena. Wenzako wanaogelea ziwani, wewe uko mkekani na maumivu ya mifupa, unachora kwenye kompyuta kuukuu ambayo baba alikununulia Bujumbura. Ulichora milima inayotuegemea mgongoni, viboko wanaotoka majini kula mashamba ya watu, na mama wa Kalundu anayepeleka ndagala, dagaa wa ziwa letu, hadi mji wa Baraka kwa mtumbwi, akipigana na upepo. Mimi ndiye niliyekuwa nakujaribia. Kila nilipozama na mtumbwi mchezoni ulicheka hadi ukashika mbavu. "Zaina, weye utamaliza bamama bote ba Kalundu!"

Mchezo ulipokamilika, binamu yetu Saidi aliye Nairobi akausajili dukani kwa jina lake, kwa sababu benki za kwetu duka halikuzitambua. Hilo tulilimeza. Kisha ikaja siku ya kupanga bei. Tulikaa sote wawili mbele ya kompyuta, wewe ukiteremsha ukurasa. Kila nchi na pesa yake, na kwa kila moja ungeweza kuandika bei inayowafaa watu wake. Ulifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo wa mji. Ukashuka, ukashuka, ukarudi juu, ukaanza tena.

"Franka iko wapi?" nikauliza.

"Haiko. Bametutia mu kundi ya dola."

Maana yake ilikuwa kwamba mtu wa Uvira angelipa sawasawa na mtu wa Amerika. Ukitushushia sisi, unamshushia na yule, na pesa ya yule ndiyo ulikuwa unaitegemea kwa dawa zako. Uliwaandikia kwa Kifaransa chako kizuri. Wakajibu kwamba nchini kwetu dola inatumika, kwa hiyo hakuna tatizo.

Hakuna tatizo! Ndiyo, inatumika. Nyumba tunapanga kwa dola, simu tunanunua kwa dola. Lakini anayelima muhogo Lubarika anaitafuta dola hiyo hiyo moja kwa mgongo wake mwenyewe, na mvua ikigoma haioni. Wanajua jina la pesa tuliyoshika, hawakuuliza tumeipataje. Na hata aliyeipata hawampokei! Unamkumbuka Neema, mwalimu wa Runingu? Alipanda gari hadi kwetu baada ya kusikia kuna mchezo unaosema lugha yetu, akitaka kuununua kwa ajili ya darasa lake. Pesa alikuwa nazo kwenye simu. Duka likadai kadi ya benki.

"Minye sina benki," alisema, akiitazama simu yake kana kwamba imemtukana. "Basi huu muchezo ni wa nani?"

Nilikuona ukigeuka ukutani, na haikuwa mifupa iliyokuuma siku ile.

Uliwaandikia tena na tena. Hata ukiwa umelazwa hospitalini uliwaandikia, dripu mkononi, unabonyeza herufi kwa kidole cha mkono uliobaki. Nikakusihi upumzike. Ukaniambia, "Batu ba kwetu basilipe sana, Zaina." Ulifariki jibu halijaja. Lilipokuja, tulikuwa bado matangani. Walikushukuru kwa maoni yako.

Sasa nikueleze nilichofanya leo. Baada ya kuusoma ule ujumbe wa pongezi nilichukua kompyuta yako, nikautoa mchezo kama ulivyouhifadhi, nikautia kwenye simu yangu, nikaenda moja kwa moja Runingu. Neema alinipokea mlangoni pa darasa. Nikaurusha kwenye simu yake bila malipo, yeye akawarushia wazazi waliokuwa wanasubiri watoto, nao wakaanza kurushiana wenyewe. Nilikuwa ningali njiani kurudi Saidi aliponipigia. Nilikuwa nimemwambia kabla ya kuondoka, na sasa hofu ilikuwa imemwingia.

"Dada, mkataba unakataza. Watauondoa mchezo wa marehemu!"

"Waondoe."

"Na dirhamu za mama je?" Bado anaziita pesa kama babu alivyokuwa akiziita.

Hapo niliumia, kwa sababu alisema kweli. Kinachotoka kwa wageni wanaoununua ndicho kinachomsaidia mama. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama yote, bila kumficha hatari. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Hakuacha.

"Mwanangu alitengeneza kitu cha batu ba hapa," akasema. "Niuze ndagala hadi nife, lakini basimunyime mutu wa hapa kitu cha mwanangu."

Basi nimewaandikia duka kwa jina langu, sikumtanguliza Saidi. Nimewaambia nilichofanya na kwamba nitaupeleka mchezo Lubarika, kisha Rurambo juu kwa wafugaji, kila mahali ambako hawakutuona. Sikuomba radhi wala sikuwashukuru kwa lolote.

Mungu akurehemu, yaya. Wakiufuta, watakuwa wameufuta kwao tu. Huku, ninapokuandikia, watu wa Runingu wanazama ziwani na kuanza upya.

Ni mimi, mdogo wako ambaye hasira haijamtoka,

Zaina