Gurudumu la Pili

Kabati, Jumatatu
Mei 1979

Mwana wa mama, Kisilu,

Mbaazi zimechanua na Mama anakusalimu. Mume wangu Mulei tulimzika jana.

Alinunua magurudumu mawili ya ndege kwa muuza vyuma chakavu, ayafunge kwenye mkokoteni. Nilikumbuka ulivyonieleza kazi yenu hapo uwanja wa ndege: breki zikikaza sana rimu hupata moto, ndipo vizibo vidogo huyeyuka na kutoa upepo kabla tairi halijapasuka. Vizibo vilivuja, Mulei akavitoa, akakaza bolti mahali pake. Kisha akaipasha rimu moto kwa gesi ili ekseli iingie, tairi likiwa limejaa. Nilimwambia aache.

"Mwalimu, kafundishe watoto!" akacheka.

Rimu ilipasuka, ikampasua kifua. Mkono wake niliuokota kwenye ua.

Kaka zake wanasema nililiroga gurudumu, maana nilitabiri. Jumamosi watalichoma gurudumu la pili hadharani, kama vitu vya mchawi vinavyochomwa. Nalo lina bolti badala ya vizibo, nalo limejaa upepo. Ukoo mzima utalizunguka, hata watoto. Niliwaambia litawaua.

"Sikieni, anatuahidi kifo tena!" akasema mkubwa wao, akanivunja meno mawili kwa mpini wa jembe.

Barua hii inakuja na Yarow wa lori la ng'ombe. Njoo kabla ya Jumamosi, ulete kizibo kimoja ukiyeyushe mbele yao. Wewe watakusikiliza. Mimi nimeshawaambia mara moja, na ulimi wangu bado unayatafuta yale meno. Mara ya pili sijui kama nitasema.

Dada yako,
Mbinya